Mara Saba, Wala Si Mara Tatu

Masomo: 2 Wafalme 5:1-14, Marko 7:1-13



Katika toleo hili twataka kukaa kidogo na habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, na kuitazama pamoja na jambo linalowapata wazee wetu siku hizi, yaani maradhi yasiyosikia dawa. Huenda mtu akauliza, "Mambo ya vidonge yahusu nini kanisani? Si kazi ya waganga hiyo?" Twamwomba msomaji huyo avumilie mpaka mwisho. Ataona kwamba jambo hili limo katika amri ya kuwaheshimu baba na mama, tena limo katika amri ya kumpenda jirani.

Habari yenyewe mnaijua. Naamani alikuwa mtu mkubwa mbele ya bwana wake, shujaa wa vita, lakini alikuwa na ukoma. Nyumbani kwake alikuwamo kijakazi mdogo, mateka kutoka Israeli, naye ndiye aliyesema kwamba yuko nabii kule Samaria awezaye kumponya bwana wake. Naamani akafunga safari na farasi zake na magari yake, na fedha na dhahabu na mavazi. Akasimama mlangoni pa Elisha akingoja mambo makubwa. Elisha hakutoka hata kumsalimu. Alimtuma mtu tu amwambie aende akaoge mtoni Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Alitaka nabii atoke mwenyewe, aombe mbele ya watu, apitishe mkono wake juu ya mahali penye ugonjwa. Kuoga tu? Tena katika mto ule? Mito ya kwao Dameski ilikuwa mizuri zaidi. Akageuka aende zake. Ni watumishi wake waliomtuliza, wakamwambia kwamba kama angeagizwa jambo gumu angelifanya. Mbona hili jepesi alikatae? Ndipo akashuka, akajichovya mara saba, na mwili wake ukarudi kuwa kama wa mtoto mdogo.

Tuiangalie sana hesabu ile. Maandiko hayasemi kwamba ukoma ulipungua mara ya kwanza, au kwamba nusu yake ilitoka mara ya tatu. Twaweza kumwazia akiinuka majini mara ya tatu na kujitazama mkono, na mara ya sita vivyo hivyo. Kama angetoka mara ya sita, angerudi Shamu na ukoma wake, na pengine angewaambia watu kwamba Yordani haina kitu. Wala hakuongeza mara ya nane kwa kujionyesha. Aliambiwa saba, akafanya saba.

Sasa tuyageukie maradhi.

Dawa tunazozisema ni zile ziuazo bakteria, ambazo wengi huziita antibayotiki: penisilini, amoksilini, tetrasaiklini na nyingine nyingi. Hizi haziui virusi, kwa hiyo mafua ya kawaida hayaponi kwazo, hata mgonjwa akimaliza kopo zima. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, na kabla ya dawa hiyo kidonda kidogo tu kiliweza kumuua mtu mwenye nguvu zake. Ni zawadi kubwa ambayo Mungu aliwapa wanadamu kwa akili na jasho la watu wengi. Lakini Fleming mwenyewe, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, hakuishia kuisifu dawa ile. Alionya. Alitoa mfano wa mtu aumwaye koo, anunuaye penisilini na kutumia kidogo, isiyotosha kuviua vijidudu, ila yatosha kuvifundisha namna ya kuishinda. Kisha mtu huyo amwambukiza mke wake. Mke apata homa ya mapafu, atibiwa kwa dawa ile ile, nayo haifai kitu. Mama yule afariki. Fleming aliuliza ni nani aliyesababisha kifo kile. Hayo yalisemwa zaidi ya miaka 80 iliyopita, nasi bado twanunua vidonge viwiliviwili dukani.

Namna inavyotokea ni hivi. Katika mwili wa mgonjwa vijidudu ni vingi mno, wala havilingani nguvu. Dawa ikiingia, vilivyo dhaifu hufa kwanza. Vikiwamo vichache vinavyoweza kuistahimili, hivyo hubaki, vikapata nafasi yote peke yao, vikazaana. Bakteria wengine, wakipata joto na chakula, huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Tena huweza kupeana usugu huo, wa aina hii akamgawia wa aina nyingine. Kwa hiyo kila dawa itumikapo bila sababu, au isivyopasa, huvipa vijidudu nafasi ya kujifunza. Haikuchukua muda mrefu: dawa iitwayo methisilini ilitolewa mwaka 1959 ili kuwashinda bakteria waliokwisha kuizoea penisilini, na mwaka 1961 waganga wa Uingereza walitangaza kwamba wamewaona bakteria waliokwisha kuishinda hiyo nayo.

Mwaka 2019, kwa hesabu ya wataalamu waliokusanya habari za dunia nzima, watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu dawa hazikuvishinda vijidudu vyao. Na hesabu nyingine, iliyotolewa mwaka 2024, yapasa itusimamishe. Inaonyesha kwamba tangu mwaka 1990 hata 2021 vifo vya namna hii kwa watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya nusu. Tumshukuru Mungu kwa chanjo, kwa maji safi na kwa kazi ya wauguzi. Lakini katika miaka hiyo hiyo, kwa watu wenye miaka 70 na zaidi, viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Watoto wanaokolewa, na bibi na babu wanakwenda.

Kwa nini wazee? Kwanza, wameongezeka, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini pia mwili wa mzee umechoka kupigana. Ngozi yake ni nyembamba na huchubuka upesi. Akilala upande mmoja siku nzima hupata vidonda. Akiwekewa mpira wa mkojo, mpira ule huwa njia ya kupitisha vijidudu. Amelazwa hospitali mara nyingi, amekula dawa nyingi, na kila mara huenda amerudi na mgeni asiyeonekana. Zaidi ya hayo, mzee asiyejiweza huguswa na mikono ya watu wengine tangu asubuhi hata usiku. Mikono hiyo humlisha, humwogesha, humgeuza, humbadilisha nguo. Kwa mikono hiyo hiyo vijidudu sugu huhama kutoka kitanda kimoja hata kingine.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wazee wengi hukaa katika nyumba maalumu za kuwatunzia, nao wako vijana wetu waliokwenda huko kufanya kazi hiyo. Waganga wameyachunguza mambo ya nyumba hizo kwa miaka mingi, na twaweza kujifunza mawili.

La kwanza ni juu ya mkojo. Imeonekana kwamba kati ya robo na nusu ya wanawake wakaao katika nyumba hizo huwa na bakteria katika mkojo bila kuugua kwa ajili yao. Mzee akichangamka kidogo kuliko jana, au akichanganyikiwa kidogo, au mkojo ukinuka, watu huharakisha kuupima. Bakteria huonekana, naye hupewa dawa. Mara nyingi shida yake ilikuwa nyingine, labda hakunywa maji ya kutosha, au hakupata choo siku kadhaa, au dawa nyingine imemlevya. Dawa ile haikumsaidia mzee, ila imevizoeza vijidudu. Siku atakapougua kweli, akatetemeka kwa homa, huenda dawa hiyo isisikie tena. Hatusemi mzee mwenye homa aachwe bila dawa, la hasha! Mzee mgonjwa apelekwe kwa mganga upesi, maana kwake saa chache ni nyingi. Twasema kwamba mganga ndiye apime na kuamua, wala tusimshurutishe atoe dawa anaposema haihitajiki.

La pili lafurahisha, nalo laturudisha kwa Naamani. Huko California, Marekani, nyumba 28 za kutunzia wazee ziliingizwa katika uchunguzi ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023. Nusu ziliendelea na utunzaji wao wa kawaida. Nusu nyingine ziliwaogesha wazee wote kwa dawa ya kusafishia ngozi iitwayo klorheksidini, na kuwapaka puani dawa yenye iodini kwa siku zilizopangwa. Hapakuwa na sindano mpya, wala mashine ya ajabu, ila kuogesha kulikofanywa kwa utaratibu, kwa miezi mingi, na watunzaji wale wale wa kila siku. Wazee waliopelekwa hospitali kwa sababu ya maambukizo walipungua, na vijidudu sugu miilini mwao vikapungua pia. Naamani angecheka kusikia hayo, au pengine angenyamaza.

Kwetu wazee wengi hutunzwa nyumbani, na wachache katika nyumba za wazee za serikali na za makanisa. Lakini godoro ni lile lile na mikono ni ile ile. Mama aliyepooza akalala miaka mitatu katika chumba cha mwanawe yuko katika utunzaji wa muda mrefu kama yule wa California. Tena kwetu dawa hununuliwa kwa urahisi, nusu dozi kwa wasio na fedha, au kwa kumwambia mwenye duka, "Nipe zile za rangi mbili." Vidonge vilivyobaki hufungwa katika karatasi, vikasubiri bibi akohoe. Mpaji huona amefanya wema. Lakini bibi amepewa mara tatu za Yordani, na huenda si mto wake.

Hapa lazima tujibu neno moja. Wako Wakristo wasemao, "Bwana Yesu alisema kunawa mikono si kitu." Nao hutaja Marko sura ya 7. Tuisome sura hiyo kwa uangalifu. Mafarisayo waliwashitaki wanafunzi kwa kula bila kunawa, nao hawakuwa wakisema habari za afya. Walikuwa wakisema habari za mapokeo ya wazee, wakidhani kwamba maji yatamfanya mtu awe safi mbele za Mungu. Bwana alilikataa wazo hilo. Uchafu wa moyo hautoki kwa maji ya mtungi. Lakini angalieni mfano aliouchagua kuwaonyesha unafiki wao. Kati ya mifano yote ambayo angeweza kuitaja, alitaja wazazi. Aliwaambia wanafundisha kwamba mtu akisema mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi hana wajibu tena wa kumsaidia baba yake au mama yake. Hivyo wameitangua amri ya Mungu kwa mapokeo yao. Basi mtu asiitumie sura hii kumgusa mama yake mgonjwa kwa mikono michafu. Sura yenyewe yamhukumu amwachaye mama. Mafarisayo walinawa ili waonekane watakatifu. Sisi twanawa ili mama asife. Kunawa huku kwatoka moyoni, na moyo ndio Bwana alioutafuta.

Yatupasa tufanye nini, basi? Yohana Mbatizaji alipoulizwa hivyo, alimjibu kila mtu kwa kazi yake. Nasi tufanye vivyo.

Mgonjwa na jamaa zake: dawa ya antibayotiki itumike kwa agizo la mganga, kwa kipimo chake na kwa siku zake. Msizipunguze kwa kuwa homa imeshuka, wala msiziongeze kwa kuwa vimebaki vidonge. Ni kweli kwamba maradhi mengine sasa huponywa kwa siku chache kuliko zamani. Hata dozi ya kifua kikuu ilifupishwa: majaribio yaliyoanza mwaka 1970 hapa hapa Afrika ya Mashariki yalisaidia kuonyesha kwamba miezi 18 yaweza kuwa 6, kwa dawa zinazofaa. Lakini waliofupisha ni waganga, baada ya kuwafuata wagonjwa kwa uangalifu. Nabii ndiye asemaye ni mara ngapi, si anayeoga. Mkiona dawa inadhuru, rudini mkamwambie mganga. Msiache kimya kimya. Na vidonge vilivyobaki msimgawie mtu.

Wanaotunza wazee: naweni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumgusa mzee na baada ya kumgusa. Kama hakuna bomba, kibuyu chirizi chatosha. Mgeuzeni mara kwa mara, kila baada ya saa mbili kama hawezi kujigeuza, ili vidonda visitokee. Kidonda kisichokuwapo hakihitaji dawa. Mpeni maji ya kunywa hata asipoyaomba. Mpira wa mkojo ukiwapo, ulizeni kila mara kama bado unahitajika. Kazi hizi hazina sifa, wala hazitangazwi kanisani. Lakini kumbukeni kwamba katika habari ya Naamani aliyeleta wokovu ni kijakazi, na waliouokoa ulipotaka kupotea ni watumishi. Wakubwa wote wawili, mfalme wa Shamu na mfalme wa Israeli, hawakuwa na la kusaidia. Kwa hiyo mjukuu anayemwogesha bibi yake asijione mdogo. Na akiona jambo haliendi vema, aseme, kama kijakazi yule alivyosema.

Wenye maduka ya dawa: wako kati yetu, nao huketi nasi mezani pa Bwana. Twajua biashara ni ngumu, na mteja akikataliwa huenda duka la pili. Hata hivyo kidonge kinachouzwa bila kufaa ni madeni ambayo mzee mwingine atayalipa. Mwelekezeni mteja hospitali kwa upole. Mungu aonaye sirini hatasahau hasara hiyo.

Mtaa wetu: wako wanaonunua nusu dozi si kwa kiburi cha Naamani, bali kwa umaskini. Kuwahubiria hao bila kuwasaidia ni kuwaongezea mzigo. Yule Msamaria mwema hakumlipia majeruhi siku moja akaondoka. Alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Alilipia mpaka kupona. Twawasihi wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama waweke sehemu ya sadaka ya wagonjwa kwa ajili ya kumalizia dozi ya asiyeweza, na sabuni kwa nyumba zenye mzee asiyejiweza. Si fedha nyingi.

Mwisho, tuonye juu ya hofu. Mzee akisemwa kwamba ana vijidudu sugu, watu huanza kumkimbia. Chumba chake hakiingiwi, chakula husukumwa mlangoni. Naamani alikuwa na ukoma, lakini nyumbani mwake walikuwamo watu waliompenda hata wakamshauri. Wengi wenye vijidudu hivyo hawaumwi navyo, na kwa mtu mwenye afya hatari yao ni ndogo. Tuwatembelee, tunawe tukiingia, tunawe tukitoka, tusiguse kidonda wala mpira bila kuelekezwa. Na sisi tuwapelekeao Ekaristi wagonjwa majumbani tuwe wa kwanza kuomba maji na sabuni, mbele ya macho ya jamaa wote, kabla ya kuufungua mkate na tena kabla ya kuiendea nyumba ya pili. Isije ikawa mikono iletayo Mwili wa Bwana ndiyo ipelekayo mauti.

Zaburi ya 71 ni sala ya mtu aliyezeeka, amwombaye Mungu asimtupe nguvu zake zinapokwisha. Wazee wetu huiomba kila siku, wengine kwa sauti, wengine kwa macho tu. Mungu huijibu kwa njia nyingi, na mojawapo ni mikono yetu. Tusimfanye angoje jambo kubwa wakati dogo limo katika uwezo wetu.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyemfundisha jemadari mkuu kutii neno dogo, na kwa maji ya kawaida ukamponya: Utupe moyo wa kutii katika mambo madogo. Wabariki waganga na wauguzi, na wote wanaowatunza wazee mchana na usiku. Uwakumbuke wazee wetu walio vitandani, na wale wasio na mtu wa kuwageuza. Utufundishe kuzitumia dawa zako kama zawadi, tusije tukazipoteza kwa uchoyo wala kwa haraka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.